Lebo ya Tambi za Shangazi

Hamugembe, Bukoba
Alhamisi jioni

Mpendwa Tata,

Kasinge waitu, nakusalimu baba yangu. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, na lile goti liwe limepoa sasa mvua zimepungua. Mama naye kifua kinaendeleaje? Mwambie dawa aimalize hata akijisikia nafuu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio si mzima, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Simu yako ukiiweka spika hata wachuma kahawa wanasikia, na haya nataka uyajue wewe kwanza, kabla hujayapata kwa dada yako.

Najua Shangazi Georgina ameshakueleza kwamba wakaguzi wa vyakula walikuja wiki iliyopita, wakachukua mabakuli kwenye friza na kulifunga jiko hadi majibu ya maabara yatoke. Sijui amekueleza kiasi gani cha yaliyotangulia, kwa hiyo niruhusu nianzie mbali kidogo.

Zile tambi za kuku na krimu ulizionja Krismasi, ukauliza kwa nini mtu mwenye migomba yake ale kitu cheupe kama gundi. Tulicheka sana. Lakini hapa mjini zilipendwa. Mtu anatoka ofisini amechoka, anachukua bakuli supamaketi, analipasha moto kwenye maikrowevu na kula. Niliporudi kutoka chuo na shahada yangu ya lishe, Shangazi alinipa kazi ya kupima kila kinachoingia kwenye sufuria. Kuku nilimpima mwenyewe, na maziwa, na chumvi. Sampuli tukapeleka maabara, na yaliyotoka huko ndiyo niliyoyaandika kwenye lebo: protini ya kutosha, mafuta kiasi, chumvi kidogo. Kila neno lilikuwa kweli, Tata.

Miongoni mwa wateja wetu alikuwa Mzee Saburi, fundi cherehani wa jirani na msikiti. Tangu afiwe na mkewe alikuwa hapiki. Moyo wake umechoka, na kliniki walimkataza chumvi nyingi. Binti yake, Sumaiya, anayekata tiketi bandarini, alikuja kuniuliza kama yale maandishi ni ya kuaminika. Nilimjibu kwamba hata mama yangu mzazi ningempa.

Baada ya Pasaka kuku walipanda bei, na supamaketi wakakataa kutuongezea hata shilingi. Shangazi akapunguza kuku nusu. Krimu akaiongezea unga wa ngano na mafuta ya kupikia ili iwe nzito. Ladha ilipopotea, akaanza kutia vile vidonge vya supu ya kuku, ambavyo vingi ni chumvi tupu. Nilipiga hesabu upya. Protini ilikuwa imeshuka karibu nusu, chumvi imezidi mara mbili. Lebo ikabaki ileile.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa heshima, tukiwa wawili tu jikoni. Akajibu kwamba lebo zilizochapwa bado zimejaa maboksi, kwamba akipandisha gharama atawafukuza akina mama wanaokata vitunguu pale, na wana watoto wa kulisha, na kwamba hakuna aliyekufa kwa chumvi. Akaniambia, “Wewe unakisoma chakula, wenzako wanakila.” Kisha akalainika, akanishika bega, akaniomba nisubiri kuku washuke bei. Nikasubiri. Unajua ni yeye aliyenilea tangu nianze sekondari. Kumbishia ilikuwa kama kukubishia wewe.

Halafu nikasikia Mzee Saburi amelazwa. Miguu imevimba, pumzi haitoshi, analala ameketi. Jumapili ya kabla wakaguzi hawajaja, baada ya ibada, nilikwenda kumwona. Nilimkuta Sumaiya amekaa pembeni ya kitanda, anamlisha kwa kijiko. Kabla sijafika karibu niliijua harufu. Zilikuwa tambi zetu. Alikuwa amezipasha moto kwenye mgahawa wa nje na kukimbia nazo zisipoe. Alifurahi kuniona. Akasema baba yake amekataa uji, amekataa ndizi, amekubali hizi tu, na afadhali ni hizi, maana hazina chumvi. Mzee mwenyewe akanishukuru, krimu ikiwa imemganda kwenye ndevu.

Nilimshika Sumaiya mkono wenye kijiko. Nikamwomba asiendelee. Akauliza kama chakula kimeharibika. Nikasema hakijaharibika, ila yale maandishi si ya kweli tena.

“Tangu lini?” akauliza.

Nikamwambia tangu Pasaka. Akafunika bakuli, akamfuta baba yake ndevu taratibu kwa ncha ya mtandio. Angenitukana ningepata nafuu.

Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni chakula peke yake, kwa kuwa ule moyo ulikuwa dhaifu tangu zamani, ila chumvi ya namna ile haikumfaa hata kidogo. Mzee ameruhusiwa kurudi nyumbani. Anatoka kitandani hadi mlangoni, kisha anaketi kutafuta pumzi. Cherehani imefunikwa kitambaa.

Sasa Shangazi ameshikilia kwamba Sumaiya ndiye aliyemchongea kwa wakaguzi. Amelisema sokoni, amelisema kwenye kwaya. Jana alikwenda kusimama mlangoni kwa Mzee Saburi na kumwita binti wa watu mwenye wivu na asiye na shukrani, majirani wote wakisikia, na mgonjwa yuko ndani. Sumaiya aliinama akaendelea kufua. Angeweza kulitaja jina la mtu, yakaisha palepale. Hakulitaja.

Tata, Sumaiya hakwenda popote. Niliyekwenda ni mimi. Jumatatu ile, siku moja baada ya kutoka hospitali, nilimuaga Shangazi kwamba naenda benki. Nikafunga mabakuli mawili kwenye gazeti, nikayatia kwenye mkoba na kuyapeleka kwa wakaguzi. Niliwaeleza kila kitu, kwa jina langu. Walipokuja kufunga jiko, mimi ndiye niliyewafungulia mlango, tukasalimiana kama watu wasiojuana. Shangazi alipoanza kulia, mimi ndiye niliyemletea maji.

Barua hii naituma kwa basi la kesho asubuhi, maana keshokutwa Shangazi anakuja huko Nshamba kukuomba usimame naye dhidi ya akina Sumaiya. Kesho nitamwambia ukweli, kabla hajasafiri. Huenda akanitoa nyumbani kwake, na sitamlaumu. Sijutii kwenda kwa wakaguzi. Kinachoniumiza ni kwamba nilikwenda kwa kujificha, nikamwacha mwingine atukanwe kwa ajili yangu.

Nisalimie Mama, na umwambie nitamweleza mwenyewe nikija. Msalimie na kaka Kamala na watoto wake. Shangazi akifika kwako akilia, Tata, usinitetee. Mpe chakula, msikilize, ni dada yako. Ila akilitaja jina la Sumaiya, mkatize, utaje langu.

Ni mimi binti yako,
Kemilembe