Mulamu, Ule Mpira Nimeufungua

Mulamu wangu Jailosi,

Ni mimi Lameki, mume wa dada yako. Umri wangu miaka sabini na nane. Nimezika maksai kumi na mmoja, wote niliwafundisha mwenyewe kuvuta jembe. Nimewamaliza wenyeviti wa kijiji watano. Nyoka aliyeniuma kule Ikinga alikufa yeye, mimi nipo. Sasa nimekuzika na wewe, mdogo wangu kwa miaka tisa. Hapo tu ndipo sikufurahi kushinda.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumtuma mtu. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwa hiyo ukiona herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, usicheke. Au cheka tu, wewe ni mtani wangu.

Shida yangu ilianzia kwenye msiba wako. Unajua walamu ni watani, na mtani msibani ana kazi yake. Watu walikuwa wanalia kupita kiasi. Mimi nikavaa gambuti zako, nikaitoa stoo ile pawatila yako, mashine ndogo ya kulimia bustani, nikaisukuma uani ikiwa imezimwa, tumbo nimelitanguliza kama wewe. Nikainua kidole nimekikunja, kama kile chako kilichobaki nusu baada ya kukatwa na visu vyake. Watu wakacheka na machozi yao. Hapo ningenyamaza, lakini unanijua. Nikapanda juu ya gogo nikatangaza, "Huyu alikuwa anapiga kelele tu na mashine! Mlimaji ni mimi. Bustani ya huyu mjane nitailima mimi kabla ya mvua!"

Ulikuwa utani, mulamu. Lakini mke wako, Mama Neema, hakucheka. Alinitazama akasema, "Haya shemeji. Watu wote wamesikia."

Dada yako naye hakucheka. Alikaa kwenye mkeka, kitenge kichwani, na tangu siku ile akawa hivyohivyo. Anapika, ananipakulia, hasemi. Mimi nyumbani nimebaki naongea na kuku.

Wiki tatu zikapita, mawingu yakaanza kujikusanya juu ya Itumba. Mama Neema akaja mpaka mlangoni. "Shemeji, mimi sifugi chuma. Mvua ya kwanza ikinyesha bustani haijalimwa, mtoto wa dada yangu wa Nakonde anaichukua hiyo mashine." Nikaona giza mchana. Mashine yako, uliyoipakata kwenye Hiace kutoka Tunduma kama mtoto mgonjwa, ivuke mpaka wa nchi ikaongee Kibemba? Na mimi niitwe mzee wa maneno? Nikamwambia, "Kesho asubuhi uje na kiti, ukae utazame."

Sasa sikia. Ulinifundisha, sikatai. Uliniambia nivae gambuti, nikaenda na kandambili, kwa sababu maksai nimewafuata miaka yote miguu mitupu na vidole vyangu bado ni kumi. Uliniambia kwenye mteremko nilime kukatisha, nisiielekeze chini. Mimi nikaielekeza chini, nikasema kwa nini nisumbuke na mlima unanisaidia? Na kile chuma cha chini ya mpini, kile cha kubana kwa vidole, ulinionyesha mara ngapi? "Ukikibana visu vinazunguka, ukikiachia vinasimama. Hicho ndicho kinachokurudisha nyumbani, mulamu." Lakini vidole vyangu vina baridi yabisi, kukibana asubuhi nzima ni mateso. Nikakata mpira wa tyubu ya baiskeli, nikakifunga kwenye mpini, kwa kukaza. Nikajiona nina akili kuliko waliotengeneza. Kumbe nimeifunga mashine isiweze kusimama.

Nikavuta kamba, ikawaka mara moja. Nikamtazama Mama Neema kwenye kiti chake. Dada yako alikuwa amesimama nyuma yake, kitenge bado kichwani. Nikaiambia mashine "Haa!" kama ninavyowaambia maksai.

Hatua ishirini nililima vizuri, hilo liandikwe. Halafu visu vikakuta kisiki cha ule mti wa kahawa wa zamani. Mashine ikaruka. Mimi nikaanguka kifudifudi, na mikono ikabaki kwenye mpini.

Wewe unalijua kosa letu watu wa maksai. Tangu utotoni tunaambiwa ng'ombe akikimbia usiachie, anayeachia jembe anachekwa mpaka anaoa. Basi sikuachia. Nikaburutwa, mdomo umejaa udongo, kandambili moja imebaki kisikini, na visu vinazunguka mbele ya pua yangu. Halafu nikakusikia, mulamu, sauti yako ileile ya kukoroma: "Achia! Achia, mzee mbishi, huyo si ng'ombe!"

Nikaachia. Mara ya kwanza maishani mwangu.

Mimi nikasimama. Yenyewe haikusimama, si nimeifunga mpira? Ikateremka peke yake, imenyooka kuliko nilivyoilimisha mimi. Ikapasua uzio wa mabua, ikaingia kwa Yoeli, mzee wa kanisa, ikapita katikati ya kabichi zake, ikaifikia kamba ya nguo. Unaikumbuka suruali yake nyeusi, ile anayovaa siku ya Meza ya Bwana tu? Visu viliivuta mguu mmoja, vikavuta wa pili, vikajizungushia yote mpaka mkandani. Hapo injini ikakwama, ikazimika. Yoeli akatoka ndani amejifunga taulo, akasema, "Lameki, hata kama ni msiba!"

Nikainama niichomoe ile suruali upesi kabla mke wake hajaiona. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye visu. Na pale, mbele ya macho yangu, nikakiona kidole chako nusu. Hukupata kuniambia kiliendaje, ulikuwa unakiinua tu na kusema, "Mashine iliyonyamaza haijafa. Zima swichi, chomoa waya wa plagi, ndipo mkono." Nikaurudisha mkono. Nikazima swichi. Nikachomoa waya, nikauweka mbali na plagi. Ndipo nikaanza kuifungua suruali polepole kama namchuna samaki ngozi, Yoeli amesimama na taulo lake anauliza kama mifuko imepona.

Mifuko imepona, mulamu. Miguu haikupona.

Kesho yake nilirudi. Nikavaa gambuti zako. Zinanibana, una miguu kama ya mtoto. Mashine nikaiweka mahali palipo sawa, imepoa, nikapima oili, nikatia mafuta bila kumwaga. Waya wa plagi ukiwa nje nikakaza bolti za visu moja moja, mbili zilikuwa zimelegea. Ule mpira nikaufungua nikautia mfukoni. Nikalima kukatisha mteremko, polepole, kile chuma nakibana kwa vidole vyangu hivihivi vinavyouma. Vikichoka nakiachia, inasimama, na mimi nasimama. Tunapumzika wote wawili kama watu wenye heshima. Siku ya nne bustani yote ilikuwa laini kama unga. Siku ya tano mvua ikanyesha. Yule wa Nakonde alipokuja, Mama Neema alimpa mkungu wa ndizi akamwambia asalimie nyumbani.

Ya Yoeli nimeilima pia, kwa ajili ya kabichi. Kwa ajili ya suruali bado tunazungumza.

Mulamu, lala. Nakuahidi mpira ule haurudi kwenye mpini, na mkono wangu hauendi kwenye visu kabla ya waya kutoka. Mpira wenyewe nimeufunga kwenye msalaba wa kaburi lako, upande wa kushoto, uuone kila siku ujue sasa nasikia. Hai hukuniweza, umekufa umeniweza.

Ukibisha kwamba bustani nimeilima mimi, muulize Mama Neema, alileta kiti. Muulize Yoeli, ana ushahidi wa miguu miwili. Dada yako usimuulize. Yeye siku ile alipomwona Yoeli na taulo alikaa chini kwenye udongo, akacheka mpaka kitenge kikamvuka kichwani. Na mpaka leo akianza kueleza anacheka tena, hajawahi kufika hata kwenye kabichi.

Mulamu wako,
Lameki