Leo Mboga Nini?

8 Februari

Shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwa dada yako. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu, hofu ni kwako uliye huko mbali kwenye masufuria yako ya hospitali. Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi. Grainda ya kukatia vyuma imenimaliza masikio, mtu akisema "njoo" mimi nasikia "ondoka". Barua hii nimempa kondakta wa basi la huko, na yako mpe yeye huyo huyo.

Tangu tumzike dada yako huu ni mwezi wa tatu. Kuchomelea vyuma ni kazi yangu, kufua nimejifunza, na hata nywele za kitindamimba wetu Chiriku nasuka mwenyewe, ingawa mwalimu wake alimuuliza nani kamfanyia hivyo. Jiko ndilo limenishinda. Dada yako alikuwa anakwenda sokoni na noti moja anarudi na kikapu kimejaa. Mimi nakwenda na noti hiyo hiyo narudi na mchele na hasira.

Juzi kaka yenu mkubwa alipita. Hata kukaa hakukaa. Alifunua sufuria akaona wali, akafunua ya pili akaona chai. Akasema watoto watatu hawalelewi kwa wali na chai, na kama nimeshindwa niseme, ukoo utawagawana, Mapacha kwa huyu na Chiriku kwa yule. Shemeji, hawa wamempoteza mama yao. Wakipotezana na wao kwa wao, mimi nitakuwa nimelinda nini?

Wewe unapikia wodi nzima ya wagonjwa. Nifundishe kulisha watoto watatu chakula cha maana kwa mfuko wa fundi.

Shemeji yako,
Baba Mapacha

---

15 Februari

Shemeji chuma,

Hujambo? Wanangu hawajambo? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika kwa kusimama. Habari ya nywele za Chiriku imenichekesha, kisha ikaniliza. Kazi ile ilikuwa yangu. Dada alinishika mkono pale kitandani akasema, "Wanangu wasilale njaa," nikamjibu, "Nipo." Nikakaa msibani siku mbili, nikakimbilia basi nisije nikafukuzwa kazi. Nipo wapi sasa?

Haya, nisikilize, na usijifanye una masikio mabovu. Maharage yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga maji yale, yataiva upesi na hayatakumalizia mkaa. Soda futa kabisa, pesa ya soda ndiyo pesa ya mayai. Matunda nunua ya msimu, yale yaliyoiva mpaka muuzaji anayaonea haya, hayo huyatoa kwa bei ya kutupa. Duka la karibu na karakana yako likwepe, linakuuzia kwa bei ya njaa yako.

La mwisho ndilo kubwa. Mboga kila siku. Ukibanwa punguza wali, punguza hata mayai, lakini mboga usiiguse. Mtoto asilale bila mboga. Fanya hivyo, na kaka akija kufunua masufuria atayafunika mwenyewe kwa aibu.

Shemeji yako,
Mama mdogo wa watoto

---

9 Machi

Shemeji yangu,

Salamu. Sisi wazima, nawe tunakuombea uzima. Barua yako nimeibandika kwa mkanda juu ya jiko, imeshapata mafuta kama fundi mwenyewe.

Maharage niliyaloweka, nikapata kazi ya geti la watu, nikayasahau siku mbili. Nikakuta yameota mikia. Mapacha wakasema tukayapande. Nikayapika hivyo hivyo, na hatujafa. Soda nimefuta na kelele nimezivumilia.

Mboga naitimiza kama ulivyoagiza. Haijapita siku mtoto wa nyumba hii akalala bila mboga. Ila shemeji, mboga ni ghali! Inakula karibu pesa yote ya sokoni. Mayai nimeacha, wali nimepunguza, maharage sasa ni mara mojamoja. Lakini umesema isiguswe, na mimi siigusi. Chiriku anaipenda mpaka analamba vidole. Siku hizi ametulia pia, hapigi kelele kama zamani. Nadhani anakua.

Shemeji yako,
Baba Mapacha

---

14 Machi

Shemeji,

Hamjambo? Naandika nimesimama, wagonjwa wanataka uji.

Mboga ghali? Wanakupunja hao, wameona mwanamume na kikapu. Nimewasimulia wapishi wenzangu, wamecheka mpaka mmoja ameunguza vitunguu. Nenda jioni wakati wanafunga, watakuuzia mabaki kwa bei ya chini. Kama bado inakubana, acha hata matunda. Mboga ndiyo damu ya mtoto.

Shemeji yako,
Mama mdogo

---

19 Aprili

Shemeji yangu,

Nakusalimu. Leo sitasema hatujambo.

Chiriku ameanguka shuleni. Alikuwa kwenye mstari wa asubuhi, mwalimu akadhani anacheza. Nilitoka karakana na miwani ya kuchomelea bado ipo kichwani, watu wananipisha njiani kama kichaa. Daktari alimfunua macho, akatazama kucha, akapima. Akasema damu imepungua sana. Akaniuliza, "Mboga anakula?" Nikamjibu, "Kila siku, daktari, haijawahi kukosekana." Akaandika, akatupa vidonge vya kuongeza damu, akasema turudi apimwe tena.

Nimefuata maneno yako neno kwa neno. Sijui nimekosea wapi. Mtoto amelala hapa pembeni yangu, midomo yake haina rangi. Yule aliyekuwa anaongea mpaka na kuku sasa namuuliza jambo, ananijibu kwa kichwa.

Nisaidie kufikiri.

Shemeji yako,
Baba Mapacha

---

23 Aprili

Shemeji,

Salamu kwa watoto.

Mtoto anayekula mboga kila siku hawezi kufika hapo. Mimi napikia watu hawa miaka kumi na miwili, usinidanganye. Ama hukununua, ama ulinunua ukawapa mara moja kwa wiki ukaniandikia la kunifurahisha. Ungesema umeshindwa ningekuelewa. Umeniacha nacheka na wenzangu huku mtoto wa dada yangu anaisha.

Nimemwandikia kaka. Nimemwambia alivyosema ni kweli, jiko limekushinda, amchukue Chiriku haraka. Ukasirike, nichukie, lakini mtoto apone.

Mama mdogo wa watoto

---

2 Mei

Shemeji,

Kaka yenu amekuja na barua yako mkononi, akanisomea mbele ya watoto. Sikubishana. Nilifunga nguo za Chiriku kwenye mfuko wa shule. Hakulia. Mapacha ndio waliolia, wakashika mlango wa gari kila mmoja upande wake, nikawabandua vidole mimi mwenyewe, baba yao.

Nakujibu jambo moja tu, kwa sababu umeniita mwongo. Jumatatu mboga ilikuwa soseji, mbili kwa watoto watatu, mimi nikala wali mtupu. Jumanne mchuzi wa vidonge vya supu na mafuta. Jumatano viazi vya kukaanga. Alhamisi soseji zile zilizokatika, ulizosema nikafuate jioni bei ikishuka. Ijumaa mchuzi tena. Maharage na mayai uliyataja kando na mboga, nami nikayaweka kando. Ni mboga gani nyingine ulikuwa unaitaka? Dada yako kila asubuhi nikivaa viatu alikuwa ananiuliza, "Baba Mapacha, leo mboga nini?" Namjibu samaki, au kunde, au maini siku ya mshahara. Hiyo ndiyo mboga ninayoijua. Niliuza mashine yangu ndogo ya kutoboa vyuma ili isikosekane.

Sina zaidi.

Baba Mapacha

---

7 Mei

Shemeji yangu,

Hujambo? Mapacha hawajambo? Sijui kama nina haki ya kuuliza.

Barua yako nimeisomea jikoni. Nilipofika kwenye soseji nilikaa juu ya gunia la viazi. Wenzangu walidhani nimeungua.

Hukudanganya. Hata siku moja. Hapa kwetu kazini kuna ubao ukutani, umeandikwa wanga, nyama, mboga, matunda. Nimeusoma kila asubuhi mpaka umenikaa kichwani, nikasahau kwamba nina lugha ya nyumbani. Kwenye ubao ule mboga ni majani, mchicha, kabichi, majani ya maboga. Na kwa mama yetu, kwenye chungu kile kile tulicholelewa mimi na dada, mboga ni chochote cha kulia wali. Nilipokuwa mdogo nyama niliita mboga. Samaki niliita mboga. Wewe umenielewa kama ambavyo dada angenielewa. Aliyekuwa mgeni ni mimi.

Majani, shemeji. Fungu la mchicha ni rahisi kuliko soseji moja. Nilikwambia upunguze mayai, uache matunda, ukaacha vyote. Ukaniambia ni ghali, nikakucheka. Ukaniambia ametulia, nikapita juu ya neno hilo kama mtu anayeruka dimbwi. Mimi si daktari, labda kuna na sababu nyingine, lakini hili la kwangu silikwepi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa ulimi, na aliyeanguka ni mtoto.

Nimemwandikia kaka nikamweleza yote, nikamwomba amrudishe. Amenijibu mstari mmoja: "Sikwenda kumchukua kwa hiari yangu, niliitwa, aliyeniita aje amchukue."

Nisamehe. Au usinisamehe, ila niandikie.

Shemeji yako

---

26 Mei

Shemeji,

Natumaini mu wazima. Kondakta ameapa kwamba barua yangu alikutia mkononi, ukaisoma umesimama hapo hapo, ukaiweka mfukoni, ukarudi kwenye moto wako. Basi najua imefika. Kimya chako nimekistahili, lakini ni kizito.

Nimeomba ruhusa. Mkuu wa jiko alikataa, nikavua aproni nikaiweka mezani mbele yake. Akaitazama, akasema nichukue wiki moja. Lile ndilo nililotakiwa kufanya siku ya msiba, na nikaogopa.

Ijumaa nitakuwa kwa kaka. Amesema Chiriku anaendelea vizuri, kucha zimeanza kuwa na rangi, na ameanza kumjibu mkewe. Jumamosi nitamleta kwako, nimshike mkono mimi niliyemtoa. Usije kutupokea kituoni. Ukinifungia mimi mlango nitakuelewa, nitamwingiza yeye na mimi nitageuka. Ila nitapitia sokoni kwanza. Niache angalau nibebe kikapu.

Mama mdogo wa watoto

---

30 Mei

Shemeji yangu,

Salamu. Sisi hatujambo, mimi na Mapacha.

Barua zako zote mbili zilifika. Sikujibu kwa sababu kila nikianza yanatoka matusi, nachana, naanza upya. Karatasi zimekwisha, matusi nayo yamepungua.

Lawama bado ninayo, sikufichi. Lakini yote si yako. Mimi ndiye niliyekuwa naye nyumba moja. Nilimwona mtoto wangu anazidi kunyamaza, na nilikuwa nimechoka, shemeji, nikashukuru kwamba nyumba imetulia. Hilo hukuniambia wewe. Hilo halikuwa kosa la neno lolote. Naamka nalo kila siku.

Kikapu usibebe. Tumejifunza. Mchicha nanunua kwa mama mmoja nyuma ya karakana, nilimchomelea mguu wa meza yake, sasa ananiongezea fungu. Maharage yapo, mayai yamerudi. Mapacha wanachambua majani huku wanatukanana, kazi inakwenda.

Mlango hautafungwa. Lakini nina shida moja. Leo asubuhi navaa viatu, mmoja wa Mapacha akasimama pale pale alipokuwa anasimama mama yake, akaniuliza, "Baba, Jumamosi Chiriku akija, mboga nini?" Tangu tumzike, hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo katika nyumba hii. Nikafungua kamba za viatu, nikazifunga upya.

Njoo umjibu wewe.

Shemeji yako,
Baba Chiriku