Nyota Nne kwenye Ramani ya Maji

Jumanne, 14 Julai 1998

Wiki ya tatu. Funza wawili, mguu wa kushoto. Aziza, mjane ninayekaa kwake, kawatoa kwa pini huku akicheka: eti miguu ya Kigoma ni laini. Laini! Babu yangu alikuwa Mmanyema wa Ujiji, asili yake huku ng'ambo ya ziwa, nikadhani nakuja kwa ndugu. Kumbe ni mgeni tu. Nikifungua mdomo watoto wanakusanyika kusikiliza "Kiswahili ya Tanzania".

Kazi nayo bado. Nimejitolea mwaka mzima: kwanza nichore chemchemi za kijiji hiki, kisha shirika lililonituma lilete saruji ya kuzijengea. Nestor, baba wa watoto sita, ndiye wa kunionyesha njia. Leo hakunionyesha hata moja! Kwanza nikale kwa mama yake. Ndiyo desturi: njia ya maji haonyeshwi mtu ambaye hajala kwako. Sawa. Wali na sombe, yaani kisamvu. Nikaongezwa. Nikaongezwa tena. Nimeshiba ndi.

Mama yake, Mama Onema, ana miguu iliyovimba, anajikokota kutoka jikoni hadi mlangoni. Kanishika mkono: "Sasa weye mutu ya hapa. Maji yetu njo yako."

Jumamosi, 25 Julai

Nimemaliza! Chemchemi kumi na moja, kila moja na namba yake na njia yake. Nne nimezitia nyota — hizo hazikauki hata kiangazi. Zote nne ziko ndani kabisa ya msitu, mwendo wa saa tatu. Saba zilizobaki sasa ni mchanga mtupu. Namba sita iko nyuma tu ya mashamba. Niliingiza mkono hadi kiwiko, nikatoka na vumbi.

Nakala mbili. Moja yangu. Ya pili Nestor ataipeleka ofisi ya shirika, mjini Kindu, kwa kinga — ndivyo wanavyoita baiskeli.

Mama Onema aliikodolea macho ile karatasi. Akauliza: na ule wa mujini mwenye atasoma, alikula kwa nani? Nilicheka. Nikamwambia, mama, ni ofisi tu.

Jumatano, 5 Agosti

Redio ya Aziza: vita. Goma, Bukavu. "Goma iko mbali," kasema Aziza, akaongeza kuni. Kila ninayemuuliza ananijibu hivyohivyo, mbali. Mbona basi Nestor kasimama barabarani jioni yote, anatazama upande wa Kindu?

Ijumaa, 21 Agosti

Kinu cha jirani hakipo. Jana kilikuwepo, nilikisikia. Nyumba mbili hazina milango, imeng'olewa na bawaba zake. Mihogo inachimbwa bado myembamba kama vidole. Nikiuliza — "Haina shida, dada." Wananidanganya mchana kweupe, na kwa heshima zote!

Nimemfokea Aziza. Mimi si mtoto, nikamwambia. Kajibu taratibu kwamba mgeni halishwi woga. Halafu kanipakulia wali. Nimeula kwa hasira, wote.

Malori matatu ya askari yamepita. Sikutazama ni wa upande gani. Nestor anasema wanakamata watu wa kubeba mizigo. Kijiji cha mbele wamechukua kumi na wawili. Hajarudi hata mmoja.

Jumapili, 13 Septemba

Ujumbe wa shirika: nisiende popote, nikae hapahapa barabarani, gari litanipitia. Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi. Mimi nina gari. Aziza hana.

Mchana kaniita jikoni, kafunga mlango. Wana mahali porini, penye maji. Wataenda wote siku ikifika. Anataka kunielekeza, ili gari lisipokuja niwafuate. "Nikwambie?"

Nikamwambia usiniambie. Nikishikwa nikapigwa nitasema, najijua, mimi mwoga. Kanitazama kana kwamba nimetema chakula chake. Pengine nimekitema.

Nikaichukua ramani yangu, nikaitia motoni mbele yake. Inajikunja, inakuwa nyeusi, ndipo nikaikumbuka ile ya pili. Ya Kindu. Mungu wangu!

Alhamisi, 24 Septemba

Tumerudi sasa hivi. Jana kwenda, leo kurudi, nimekaa nyuma ya kinga ya Nestor, mgongo hauna hali. Ofisi imevunjwa. Kabati liko wazi, tupu. Mlinzi anasema karatasi zote zimebebwa sokoni kufungia karanga.

Basi nikazunguka soko. Nikanunua karanga kwa kila mama, nafungua kifurushi kimoja kimoja. Risiti. Barua. Daftari la mahudhurio. Ramani hakuna! Nestor kasema labda mutu alishakula nayo. Tukacheka, tumejaa karanga mifukoni kama wehu.

Gari la shirika nalo halikuwepo kwenye ua wa ofisi. Nimejipa moyo: basi liko njiani.

Jumatatu, 5 Oktoba

Kimya. Hakuna jogoo, hakuna mtoto anayelia. Wameondoka wote, nami nimelala kama gogo kwa sababu ya mvua. Wiki nzima sasa, haikatiki.

Aziza ameniachia chungu cha maji kimefunikwa, debe la mchele, na kitenge chake, kimekunjwa vizuri. Hakuniaga. Angeniaga vipi, nami nilisema usiniambie? Nimelia hadi kichwa kimeniuma.

Nyuma ya nyumba ya Nestor kuna nyayo kwenye tope. Zimezama sana. Amembeba mama yake. Nikachukua ufagio nikazifuta, uso nimeuelekeza juu ili nisione zinakwenda wapi. Hatua ishirini hivi, nafagia huku natazama mawingu.

Jumanne, 6 Oktoba

Gari! Nililisikia tangu mbali. Jeupe, lina alama ya shirika. Nikakimbia na begi mkononi, napunga mkono, napiga kelele!

Wameshuka wanaume watano wenye bunduki. Dereva wetu hayumo. Nikabaki nimesimama na begi langu.

Mkubwa wao, wanamwita Komanda, ni mtu wa adabu. "Bonjour, mama. Weye njo wa maji?" Kaikunjua karatasi juu ya boneti. Mwandiko wangu. Pembeni ina mafuta ya karanga.

Anasema karte iko muzuri sana. Anasema watu wanaweza kukimbia vita, maji hawawezi kuyakimbia. Anataka wabebaji thelathini. Kisha kaweka kidole: nyota hii iko nini?

Sikufikiri. Maji mabaya, nikasema. Wanaokunywa wanaharisha damu, hakuna anayekwenda huko. Ulimi hauna mfupa, uongo ulitoka wenyewe! Nilijiona shujaa.

Akaniamini. "Basi tuache nyota. Utatupeleka kwa zile zenye haina nyota."

Mvua ni kubwa, wanangoja ikatike. Waliomba chakula. Nimepika mchele wa Aziza, wanakula barazani, nami nimejibanza jikoni naandika. Mama Onema angesema sasa wamekula kwangu, wana haki ya kuonyeshwa.

Nilidhani akina Aziza wako kwenye nyota. Saa tatu ndani ya msitu, salama. Lakini nyota nilizichora Julai! Sasa mvua imenyesha wiki nzima, zote kumi na moja zina maji. Na Nestor atambebaje mama yake saa tatu kwenye tope? Namba sita iko nyuma tu ya mashamba.

Nitawapoteza njia. Lakini niwapotezee wapi, kama sijui wenyewe walipo? Kila njia ninayoifikiria, naona nyayo zile zimezama. Laiti ningezitazama! Laiti ningemwacha Aziza aseme!

Mvua inapungua. Wananawa mikono. Komanda ameingiza kichwa mlangoni, kashukuru kwa chakula. Anasema tuanze na ya karibu.