Injini Iliyopakwa Rangi

Mwisenge, Musoma

Mdogo wangu Magesa,

"Kichwa cha injini hakitengenezwi Musoma, kitaletwa na meli." Ndivyo bwana wa idara ya viwanda alivyowajibu wanakijiji wa upande wa Butiama, ambao mashine yao ya kusaga imelala tangu mavuno. Ni uongo. Nimemwona Fundi Hamisi wa karakana ya hapa kwetu akichonga kichwa kizima, pamoja na njia za maji ndani yake, kwa povu jeupe linalokinga redio katonini. Povu huzikwa mchangani, kisha alumini ya moto humiminwa, ikaliunguza na kukaa mahali pake.

Jana wanakijiji walikuja kushuhudia kazi hiyo, na mgeni wa mkoa alitarajiwa. Hamisi alipokwenda kula sato, mwenyekiti wao akaipaka ile sanamu ya povu rangi ya kijani. Rangi ya mafuta huyeyusha povu. Fundi alirudi akakuta uji.

"Nilitaka ipendeze," akasema mwenyekiti.

"Imependeza, mzee. Haya, itusagie unga."

Povu jingine hatujalipata, na akina mama wamerudi kwenye jiwe la kusagia. Nimeandika mengi juu ya kujitegemea, Magesa. Sasa yule bwana wa idara atasema mikono yetu imeshindwa, kumbe tulikuwa na povu moja tu.

Wabusu watoto, mwambie shemeji nimekumbuka mchuzi wake. Na wewe na wenzako huko kwenye ghala la bandarini, mnaochoma povu la katoni kila jioni: acheni kulichoma, lileteni Musoma.

Kaka yako