Swali la Baba

Dada mpenzi,

Huku hatujambo. Kikohozi cha mpwao kimepoa, na shemeji yako anakusalimu. Bado anajidai mpishi, nasi tunavumilia. Mwezi uliopita nilipewa uprofesa.

Jana mwanafunzi wangu alimleta baba yake maabarani. Mzee akaniuliza, "Mwalimu, hivi huyu mwanangu anafanya nini humu?"

Nikamwambia, "Tunatengeneza lenzi nyembamba kuliko unywele. Tunapanga juu yake nguzo ndogo zisizoonekana kwa macho, na mwanga ukipita hapo unapinda tunavyotaka sisi."

Mzee akacheka, akamgeukia mwanawe. "Sasa hayo ndiyo ya kunificha?"

Nilitoka nje nikalia, dada. Baba aliniuliza swali hilo kila nilipopiga simu, nami nikamjibu, "Ni mambo magumu, baba." Hakukasirika. "Haya, mama, ukipata nafasi utanieleza." Nafasi sikuipata, mpaka mwaka jana tukamzika.

Wewe ndiye uliyekaa naye. Watu walipomuuliza binti yake mdogo anafanya kazi gani, aliwajibu nini? Niambie ukweli, hata kama unauma.

Ni mimi, mdogo wako.