Nafasi Iliyoachwa Mkekani

Merrylands, Sydney

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko Perth pamoja na dua zangu. Mimi mzima, ila ami yako Hamisi ananikosesha raha. Mgongo alioumiza kazini, kule ghalani St Marys, umeshapona, lakini vidonge vya maumivu hawezi kuviacha. Akijifungia chumbani, nasimama mlangoni nikisikiliza kama anapumua.

Nawe waniuliza kama upokee ufadhili wa masomo wa ile familia tajiri inayovitengeneza vidonge hivyo.

Nilipokuwa msichana Tanga, tajiri mmoja mwenye duka la dawa alimzoesha mjomba wangu dawa ya maumivu, hata ikamuua. Kisha akamtuma mtumishi atuletee magunia ya mchele matangani. Bibi yangu, mama wa marehemu, aliupokea, akamwambia aliyeuleta, "Ahsante. Mwambie bwana wako mkeka umetandikwa, aje akae nasi." Akawaagiza wanaume wamwachie nafasi karibu na babu.

Watu walikula, wakausifu mchele. Mpaka tunaanua matanga, nafasi ile haikukaliwa na mtu, na bibi hakuonja hata punje.

Sikukatazi, mjukuu wangu. Elimu ni kheri. Ila ukikutana nao, waulize kama yupo mmoja wao atakayekuja kukaa na ami yako. Waambie waje sasa, angali anapumua. Mkeka ninao uvunguni, na kila nikifagia naogopa kuugusa.

Bibi yako,
Mwanaidi