Mlango wa Mama

Katuba, Élisabethville. Jumapili ya pili ya Novemba, 1957. Mvua ilianza watu wakienda misa ya kwanza, sasa imetulia, ila bati bado linadondosha. Nimechoka, lakini uchovu wa leo naupenda.

Leo nimemficha mama yangu mzazi jikoni.

Ngoja niandike yote nijicheke vizuri. Mama alifika juzi kwa treni kutoka Kongolo, mara yake ya kwanza katika nyumba hii. Asubuhi Baba Odile, mume wangu, alikuwa kanisani, na mama anakula bukari, ugali wetu, iliyolala tangu jana. Mara mlango ukagongwa. Sikufikiri hata kidogo. Nilimshika mkono, yeye na sahani yake, nikamsukuma jikoni nyuma ya nyumba na kumfungia. Kisha nikafungua mlango wa mbele, na hata kabla ya salamu nikasema, "Hakuna mugeni hapa!"

Alikuwa Mama Kalenga, jirani yetu, na kigae mkononi. Alikuja kuomba makaa ya moto.

"Nani amekuuliza mugeni?" akasema, na papo hapo mama akakohoa jikoni. Mama Kalenga alicheka mpaka akaegemea ukuta. Naye ametoka kambini kama sisi, hakuhitaji kuelezwa.

Miaka yote tuliyokaa katika kambi ya Kampuni ya shaba, nyumba ilikuwa ya kazi ya mume wangu, haikuwa yetu. Chokaa walipaka wao, na mgeni hakulala bila ruhusa ya mzungu wa kambi. Nilipomzaa Odile, mama alikuja kunilea kimya kimya. Asubuhi moja polisi wa kambi akabisha, akamtoa, akamsindikiza mpaka getini huku mvua ikimpiga. Mimi nilisimama mlangoni na mtoto kifuani. Ningesema nini? Baadaye moshi wa tanuru ukaharibu kifua cha Baba Odile. Kazi ya Kampuni ikaisha, na nyumba ikaisha siku hiyo hiyo. Mtu mwingine aliingia majivu yetu yangali moto.

Kwa hiyo mikono yangu imejifunza kuficha watu. Mimi nimehama, mikono bado iko kambini.

Nilipomfungulia, mama hakucheka. Alipita kando yangu, akaingia chumbani, akaanza kufunga nguo zake katika kitenge.

"Mutoto wangu," akasema, "kama bado munanificha, hii nyumba haiko yenu. Nirudie kwetu, wakubwa basikufukuze sababu yangu."

Nilimweleza kwamba kiwanja tumepewa sisi. Matofali tuliyafyatua wenyewe kwa udongo wa kichuguu kilichokuwa hapa hapa uani, na majirani walitusaidia kupanga tanuru na kulichoma, nami nikawapikia munkoyo, ule wa mahindi na mizizi, wanywe mpaka watosheke. Mama aliendelea kufunga. Angeaminije mdomo wangu wakati amekwisha kuona nilivyomsukuma? Nilitoka nje nikalia. Niliona nitampoteza tena, na safari hii bila polisi.

Baba Odile alinikuta uani. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja. Tangu mama afike, mume wangu analala kwa rafiki yake mtaa wa pili, na nyumbani anapita kwa kukohoa kwanza. Kule kambini, vyumba viwili na mlango mmoja, na ukigonga msumari unaulizwa, heshima hiyo ungeiweka wapi?

Nikamweleza. Hakunicheka. Alisogea karibu na dirisha la chumba, akaligeuzia mgongo, akaitazama seng'enge ya jirani. Mimi nilikuwa karibu yake kabisa, lakini alisema kwa sauti ya kuvuka barabara: "Mama Odile, ambia mama, matofali ya chumba chake iko tayari. Aseme mulango utaangalia wapi. Kesho nikitoka kazi naanza."

Habari ya chumba hicho tulikuwa bado hatujamwambia. Tulitaka aone msingi kwanza.

Kisha mama akatoka, kitambaa amekishusha mpaka puani, akazunguka uani taratibu. Aliyafunua matofali chini ya mabati chakavu, akachukua mawili, akayagonganisha na kusikiliza. Yalilia vizuri, yameiva. Akachomoa kijiti kwenye kuni zangu, akakisimika upande jua linakotoka, mbali na mlango wetu.

"Hapa," akasema.

"Ambia mama aksanti," Baba Odile akaiambia seng'enge.

Ee Mungu, nakushukuru kwa mwanaume huyu mwenye kifua kibovu. Nakushukuru kwa kicheko cha Mama Kalenga, na kwa kichuguu kile nilichokilaani siku ya kwanza kwa kutuzibia uwanja. Wakubwa wa mji wataamua nini miaka ijayo sijui, na woga haujanitoka wote. Lakini leo nimeshiba shukrani, acha niseme hivyo.

Sasa hivi mama amekaa karibu yangu anachambua matembele. Nguo zake amezianika kwenye kamba yangu, na zangu amezisogeza pembeni bila kuuliza. Ameniuliza kitu kimoja tu: dada yake mdogo akija kumwona, atalala siku ngapi?

Nikafungua mdomo nimwambie ngoja kwanza nikaulize. Ulibaki wazi hivyo hivyo, maana nilitafuta kichwani wa kumwuliza nisimpate.

"Mpaka yeye mwenyewe atuchoke," nikamjibu.